Entandikwa ya Mwanahisabati: Mtaji wa Kuanzia Mjini Kampala, 1962 hadi 2022

Mwaka 1995 serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa mikopo midogo kwa wananchi maskini, ikauita Entandikwa. Neno hilo ni la Kiganda, nalo limetokana na kitenzi okutandika, yaani kuanza. Mswahili akilisikia atafikiri habari za kitanda na shuka, na pengine hakosei sana, kwa kuwa entandikwa ni kile anachotandikiwa mtu ili aanze: jembe la kwanza, mbuzi wa kwanza, fedha ya kwanza ya kujazia genge. Mkopaji hakudaiwa hati ya ardhi. Uchaguzi wa rais ulikuwa unakaribia, ukafanyika Mei 1996, na wengi waliopokea fedha hizo walizichukulia kuwa ni shukrani ya serikali kwa wapigakura wake, si deni. Marejesho yakawa haba na mpango ukafifia. Neno lakini limebaki, na kila mpango wa fedha uliokuja baadaye umepimwa kwa kumbukumbu ya ule wa kwanza.

Insha hii inauliza swali moja: katika mji wa Kampala, ni nani amewapa entandikwa watu ambao mali yao ni hesabu? Ninaposema mwanahisabati ninamjumuisha mwanatakwimu na mwanasayansi wa kompyuta, kwa sababu katika Chuo Kikuu cha Makerere fani hizi zimelishana tangu zamani, na wengi waliofundisha kompyuta huko walianza kwa shahada ya hisabati. Hoja yangu ni kwamba fedha zilikuwepo mara nyingi kuliko tunavyodhani. Zilikuja kwa sura ya msaada, karo, tuzo na ruzuku, na mara chache mno kwa sura ya mtaji. Sura hiyo ya fedha ndiyo iliyoamua kazi ipi idumu na ipi iachwe njiani.

Tuanzie Entebbe, kilomita arobaini hivi kutoka Kampala, katikati ya mwaka 1962. Uganda ilikuwa bado miezi michache kupata uhuru. Katika mji huo ulio kando ya ziwa walikusanyika walimu na wanahisabati kutoka nchi za Afrika zilizotumia Kiingereza, kutoka Uingereza na kutoka Marekani, wakakaa wiki kadhaa wakiandika vitabu vya shule. Mwongozaji wao mkuu alikuwa W. T. Martin, profesa wa hisabati katika chuo cha MIT. Mratibu alikuwa shirika la Educational Services Incorporated lenye makao Massachusetts, na fedha zilitoka Ford Foundation pamoja na idara ya misaada ya serikali ya Marekani. Mikutano ya aina hiyo ilirudiwa mwaka baada ya mwaka, mingine ikafanyika Mombasa, na vitabu vilivyotoka humo vikajulikana kwa jina la Entebbe Mathematics. Mtoto wa darasa la chini akaanza kusikia habari za seti na vipengele vyake kabla hajazoea kujumlisha bei za sokoni.

Wazee wetu wamebishana sana kama hisabati hiyo mpya iliwafaa watoto. Ugomvi huo nauacha kwa wanaosomea elimu. Kwangu jambo la maana ni namna fedha zilivyopita. Hapa palikuwa na uwekezaji wa kweli katika vichwa vya wanahisabati, tena kwa miaka kadhaa, katika ardhi ya Uganda, na Waafrika walishiriki kuandika, hawakuwa wasikilizaji tu. Hata hivyo Entebbe ilikuwa mahali pa kukutania. Bajeti, haki na maamuzi vilikaa Massachusetts. Mwandishi alilipwa kwa wiki alizokaa, akarudi shuleni kwake. Nchi ilipata vitabu, jambo ambalo si dogo, lakini haikupata nyumba ya uchapaji wala kikundi cha wanahisabati wenye kazi yao wenyewe ya kuendeleza. Mfano huo wa 1962 tutauona tena na tena.

Mwaka 1969 Makerere ilipata Taasisi ya Takwimu na Uchumi Tumizi, iliyoanzishwa na serikali kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Iliwafundisha wanatakwimu wa nchi nyingi za Afrika, nao waliajiriwa na serikali zao kuhesabu watu, mazao na bei. Kwa kizazi hicho mwanahisabati aliyefaulu alikuwa mtumishi wa umma au mhadhiri. Paul Mugambi, mmoja wa raia wa kwanza wa Uganda kupata uzamivu wa hisabati, alibaki katika kufundisha. Livingstone Luboobi, aliyetumia hisabati kueleza mwenendo wa magonjwa na viumbe, naye alipanda ngazi za chuo hadi akawa makamu mkuu wa Makerere kuanzia 2004 hadi 2009. Hakuna aliyewauliza kama wangependa kufungua kampuni, na swali lenyewe lingeonekana la ajabu, maana mwenye akili hakuitwa mfanyabiashara.

Kisha ikaja miaka ya Idi Amin. Agosti 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka, na pamoja nao uliondoka mtandao wa mikopo ya dukani uliokuwa umewabeba wafanyabiashara wadogo wa Kampala. Wahadhiri nao wakatawanyika kwenda nchi nyingine. Waliobaki walipokea mishahara iliyoliwa na mfumuko wa bei kabla ya katikati ya mwezi, wakaishi kwa mashamba, kwa tuisheni na kwa kuku. Wanahistoria wetu hupenda kueleza uchumi wa magendo kwa kutaja kahawa iliyovuka mipaka usiku. Upande wake mwingine huandikwa kidogo: mtu aliyesomea milinganyo tofautishi akipiga hesabu ya chakula cha kuku. Hiyo ndiyo ilikuwa kampuni changa ya mwanahisabati katika miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, na mtaji wake ulitoka mfukoni mwake.

Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ilianzishwa Makerere mwaka 1985, wakati nchi ikiwa bado vitani. Kwa miaka mingi ilikuwa ndogo. Kilichoibadilisha ni uamuzi wa mwanzoni mwa miaka ya tisini wa kupokea wanafunzi wanaojilipia karo. Kabla ya hapo serikali ilimlipia kila mwanafunzi; baada ya hapo kila kitivo kilichokuwa na somo linalotamaniwa kilipata mlango wa fedha. Na katika miaka ya 2000 hakuna somo lililotamaniwa kama kompyuta.

Venansius Baryamureeba aliuelewa mlango huo kuliko wote. Alisomea shahada ya kwanza ya hisabati Makerere akamaliza 1994, akaenda Bergen nchini Norway na kurudi na uzamivu mwaka 2000. Mwaka 2005 taasisi ikawa Kitivo cha Kompyuta na Teknolojia ya Habari, yeye akiwa mkuu wake. Majengo yakapanda kilimani, wanafunzi wakawa maelfu. Kuanzia 2009 hadi 2012 alikaimu nafasi ya makamu mkuu wa chuo, kisha akaanzisha chuo chake binafsi, Chuo Kikuu cha Teknolojia na Menejimenti cha Uganda, UTAMU, kilichopata leseni mwaka 2013. Mwaka 2016 aligombea urais wa nchi, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mimi naiona UTAMU kuwa mfano wa wazi zaidi wa mwanahisabati wa Kampala aliyeanzisha shirika lake na likasimama. Na msingi wa biashara ya namna hiyo ni karo: ng'ombe aliyeuzwa Bushenyi, kipande cha shamba kilichowekwa rehani Masaka, mshahara wa shangazi aliyeko Dubai. Wazazi wa Uganda, kwa jumla yao, ndio wawekezaji wakubwa kuliko wote katika historia hii, na hawana hisa hata moja. Walinunua vyeti. Ndiyo maana walio na akili ya hesabu na moyo wa biashara walivutwa kufundisha kompyuta zaidi ya kutengeneza kitu kwa kompyuta: kufundisha kulikuwa na mteja aliyelipa mwanzoni mwa muhula.

Kwa nini hawakwenda benki? Historia ya mikopo nchini inaeleza. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Benki ya Mikopo na Akiba ya Uganda ili Mwafrika naye akopeshwe. Mwaka 1965 ikawa Uganda Commercial Bank, benki ya umma yenye matawi hadi wilayani, na mwaka 2002 ikauzwa kwa Stanbic ya Afrika Kusini. Katika sura zake zote benki ilitaka dhamana inayoshikika. Mwenye shamba Mukono aliweka hati mezani. Mwenye duka alionyesha mali iliyo rafuni. Mwanahisabati aliyetaka kutengeneza njia ya kukadiria nani atalipa mkopo na nani hatalipa, yaani kitu ambacho benki yenyewe ingekihitaji, hakuwa na cha kuonyesha ila karatasi zenye alama. Nani wa kumlaumu karani wa mikopo? Hata msomi wa fani nyingine asingeweza kusema kama alama hizo zina thamani.

Tatizo hili halikuanzia Kampala. Mwaka 1823 serikali ya Uingereza ilimpa mwanahisabati Charles Babbage pauni 1,500 aanze kuunda mashine ya kukokotoa majedwali ya namba. Fedha ziliendelea kuongezwa hadi zikafika kama pauni 17,000, na mwaka 1842 serikali ikajitoa rasmi, mashine ikiwa haijakamilika. Babbage alikuwa mtu mgumu, mwenye kubadili mawazo na kugombana na fundi wake, lakini waliotoa fedha nao hawakuwa na njia ya kujua wananunua nini, na kazi inakaribia lini. Nimemtaja kwa sababu tukisoma magazeti ya Kampala tunaweza kudhani kwamba serikali kushindwa kumfadhili mwanahisabati ni ugonjwa wa kwetu peke yetu.

Katika bajeti ya 2011/12 serikali ya Uganda ilitenga shilingi bilioni 25 kwa ajili ya mfuko wa mitaji ya vijana, ukapitishwa katika benki za biashara. Jina lake lilikuwa zuri. Taratibu zake zilikuwa za mkopo: riba, wadhamini, na biashara ambayo tayari ipo. Mtaji wa kuanzia ukadai uwe umekwisha kuanza. Ukiwa na saluni Wandegeya ungeweza kujaribu bahati yako. Ukiwa na wazo tu ungerudi ulikotoka.

Wakati huohuo Kampala ilikuwa inapata vituo vya ubunifu. Hive Colab ilifunguliwa mwaka 2010, Outbox ikafuata 2012, na baadaye The Innovation Village huko Ntinda. Vituo hivi vilitoa meza, umeme wenye jenereta nyuma yake, intaneti isiyokatika kila saa, na watu wa kubishana nao. Fedha zenyewe vilikuwa nazo chache, lakini vilijua zilipo, na mara nyingi zilikuwa katika mashindano. Hivyo kizazi cha 2010 kilijifunza kushindana. Mtu aliyetoka darasa la aljebra akajifunza kueleza kazi yake kwa dakika tatu mbele ya waamuzi.

Wachezaji wa bao wataelewa mpangilio wake. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32, lakini huanza na 10 tu ubaoni. Zile 22 anazo mkononi, na huziingiza moja moja katika awamu ya kunamua. Zikiisha ndipo mchezo unaingia awamu inayoitwa mtaji. Sijui kama wazee waliolipa jina hilo walikuwa wafanyabiashara, ila wangeielewa Kampala ya mashindano: kwanza umalize zako zote, mtaji uje baadaye. Katika omweso, mchezo wa Waganda ulio ndugu wa bao, kete zote 64 zinakuwa ubaoni tangu mwanzo.

Mfano wa kwanza ni WinSenga ya mwaka 2012. Wanafunzi wa Makerere walichukua pembe ambayo wakunga huitumia kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, wakaiunganisha na kinasa sauti na simu, na programu ikawa na kazi ya kutenganisha mapigo ya mtoto na kelele nyingine zote. Ni tatizo zuri la hisabati. Ssenga kwa Kiganda ni shangazi, yule anayemfunda binti mambo ya ndoa na uzazi, na kifaa kilikusudiwa kuwa shangazi wa wajawazito. Lakini ile Win iliyotangulia ni ya Windows, kwa kuwa kazi ilifanywa kwa ajili ya mashindano ya Imagine Cup ya Microsoft na kwa simu za kampuni hiyo. Mfadhili aliingia hadi katika jina. Simu hizo baadaye zilitoweka sokoni.

Mfano wa pili unafahamika zaidi. Brian Gitta, aliyesomea kompyuta Makerere na kuugua malaria mara nyingi kiasi cha kuchoka kudungwa sindano, alianzisha na wenzake Matibabu, kifaa kinachobana kidole na kutumia mwanga na sumaku kutambua dalili za vimelea bila kutoa damu. Mwaka 2013 walionekana katika Imagine Cup. Mwaka 2018 Gitta alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya London, pauni 25,000, akiwa raia wa kwanza wa Uganda kuipata. Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi milioni 100. Magazeti yalishangilia, na yalikuwa na haki. Lakini hebu tupige hesabu kama wanahisabati. Kati ya wazo na tuzo hiyo ilipita miaka mitano hivi, na walikuwa timu, si mtu mmoja. Kifaa cha tiba kinahitaji majaribio kwa wagonjwa wengi, vibali na kiwanda, na kila hatua ina gharama inayoweza kumeza pauni 25,000 bila mtu kuona zilipokwenda. Tuzo inaheshimu kilichokwisha kufanyika. Mtaji unalipia kisichofanyika bado, pamoja na hatari kwamba hakitafanyika.

Tuzo zina madhara mengine ambayo hatuyasemi. Zinachagua matatizo yanayoeleweka haraka mbali na hapa: malaria, nimonia, uzazi, njaa. Matatizo hayo ni ya kweli, na mimi pia nimewahi kulala na malaria. Lakini soko la Owino lina maswali ya ugavi na bei ambayo yangeweza kuwalisha wanahisabati kumi, na hakuna shindano lake. Ratiba ya teksi za New Taxi Park haina shindano. Kazi ya bima kwa wakulima wadogo inahitaji miaka ya takwimu za mvua kabla ya kuonyesha chochote jukwaani.

Mfano wa tatu ndio uliodumu, na nitakaa nao zaidi. Mwaka 2015 kikundi cha Makerere kikiongozwa na Engineer Bainomugisha kilianzisha AirQo, mradi wa kupima uchafu wa hewa. (Engineer ni jina lake alilopewa na wazazi, si cheo, cheo chake ni profesa wa kompyuta.) Mashine rasmi za kupima hewa ni ghali mno, na mji kama Kampala hauwezi kuwa nazo nyingi. AirQo walitengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na umeme wa kukatikakatika, wakavifunga juu ya majengo na hata kwenye boda boda. Kasoro ya kipimo cha bei nafuu ni kwamba kinadanganya: unyevu na joto huvuruga namba zake. Hapo ndipo hisabati inaingia. Weka kipimo rahisi karibu na mashine ghali, linganisha namba zao kwa muda mrefu, tafuta kanuni ya kusahihisha uongo, kisha tumia kanuni hiyo mahali ambapo mashine ghali haipo. Baada ya hapo kadiria hewa ya mtaa usio na kipimo chochote kwa kutumia mitaa jirani. Kwa maneno mengine, thamani yote imo katika zile karatasi zenye alama ambazo karani wa benki asingezipokea.

Mwaka 2019 Google.org ilichagua miradi 20 kati ya maombi zaidi ya 2,600 kutoka duniani kote, na Makerere ikapata dola milioni 1.3 kwa ajili ya kazi hii. Mwaka 2021 ikaongezwa milioni 3 ili ipelekwe katika miji mingine ya Afrika. Watu hutaja dola hizo na kuishia hapo. Mimi naona mwaka 2015 ni muhimu kuliko 2019. Katika miaka minne ya kati, walioongoza kazi hiyo walikuwa wahadhiri wenye mshahara wa kila mwezi, ofisi, na wanafunzi wa uzamili waliohitaji mada ya tasnifu. Hakuna aliyewapa siku tatu za kujieleza wala mwaka mmoja wa kuripoti. Makerere yenyewe, pamoja na migomo yake na malimbikizo yake, ilikuwa mfuko wa mtaji mvumilivu bila kujiita hivyo. Mshahara huo ulitoka katika kodi na karo. Nyuma yake kulikuwa na fedha nyingine za kimya: tangu 2002 idara za hisabati za Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zimeshirikiana katika mpango wa hisabati wa vyuo vya Afrika Mashariki kwa msaada wa Uppsala, Sweden, kusomesha wenye uzamili na uzamivu. Fedha hizo hazikutoa habari ya gazeti, lakini zilizalisha walimu wa kizazi kilichofuata.

Upande wa biashara halisi, fedha za wawekezaji zilifika Kampala pia. SafeBoda, iliyoanza 2014, ni kampuni ambayo kiini chake ni hesabu: nani yuko karibu na nani, kwa bei gani, kwa njia ipi. Ilianzishwa na Ricky Rapa Thomson, aliyekuwa dereva wa boda boda, pamoja na Alastair Sussock na Maxime Dieudonné waliotoka Ulaya, na mwaka 2019 ikapata wawekezaji wakubwa akiwemo Allianz wa Ujerumani. Numida, inayotumia takwimu kuamua mikopo ya wafanyabiashara wadogo, yaani lile hasa ambalo benki ilikataa, ilianzishwa Kampala na wageni kutoka Kanada, na mwaka 2022 ikakusanya zaidi ya dola milioni 12. Sitaki kusomwa kama mtu anayewaonea wivu. Kampuni hizi zimeajiri wenzetu na zinafanya kazi nzuri. Lakini mfululizo huu unaonyesha kwamba mwekezaji wa mbali humtafuta mtu anayeweza kumpigia simu, anayejua lugha ya mikataba yake na aliyesoma na rafiki wa rafiki yake. Hiyo nayo ni dhamana, ingawa haina hati.

Si lazima iwe hivyo Afrika nzima. Huko Tunis, mwaka 2014, Karim Beguir, aliyesomea hisabati Ufaransa na New York, na Zohra Slim walianzisha InstaDeep wakiwa na kompyuta mbili na dola 2,000. Mwaka 2022 ilikusanya dola milioni 100, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na BioNTech ya Ujerumani. Nimeona mfano huu ukitumiwa katika hotuba kuwaambia vijana kwamba dola 2,000 zinatosha. Beguir hakuwa na dola 2,000 tu. Alikuwa na miaka ya kazi na marafiki katika miji ya fedha.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 2016 iliunda wizara ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mwaka wa fedha 2019/20 iliipa Makerere shilingi bilioni 30 kwa ajili ya mfuko wa utafiti na ubunifu, Mak-RIF, na kwa mara ya kwanza watafiti wengi wa chuo waliandika maombi yao kwa mlipakodi wa Uganda badala ya Stockholm au Seattle. Nauona huu kuwa uamuzi mkubwa zaidi katika historia ninayoisimulia. Hata hivyo fedha hizo ni za mtafiti aliyemo chuoni. Kijana aliyehitimu mwaka jana na kuhamia chumba cha Kikoni hana mlango huo.

Mlango wake, kwa mujibu wa serikali, ni Emyooga, mpango uliotangazwa Agosti 2019. Unawapanga watu kwa kazi zao katika vyama vya akiba na mikopo: madereva wa boda boda, mafundi seremala, wasusi, washonaji, wachomeleaji, wavuvi, waandishi wa habari, wasanii, hata viongozi waliochaguliwa. Wanahisabati hawamo, na sidhani kuwaongeza kungesaidia. Chama cha akiba na mikopo kinamfaa mtu anayeuza leo na kurejesha wiki ijayo. Mpango wa Maendeleo wa Parokia, uliozinduliwa Februari 2022 ukiahidi shilingi milioni 100 kwa kila parokia, unahesabu kahawa, ndizi, samaki, maziwa. Aliyehitimu hisabati anaweza kupata fedha za mpango huo akikubali kufuga kuku.